Mbuzi Aliyezikwa Bila Kutukanwa

Bwana wangu Constantin alizikwa bila kutukanwa hata neno moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu katika mwaka ule wa Katanga huru.

Mtu asiye wa kwetu atashangaa. Sisi watu wa Luapula tuna koo, na Constantin alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Mbuzi na Chui ni watani. Mbuzi akifa, ni Chui anayechimba kaburi. Ni Chui anayemtukana maiti mbele ya watu mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Ni Chui anayeingia nyumbani na kubeba vitu kama mwizi, na mwisho ni Chui anayeleta kaa la moto na kusema: basi, kilio kimekwisha. Bila hayo jiko haliwashwi, na mjane anabaki juu ya mkeka. Mimi ni mkristu, naungama kila Jumamosi, wala sijaona ubaya katika jambo hilo. Padri anamsifu maiti, ndiyo kazi yake. Lakini lazima awepo pia mtu wa kusema ukweli.

Constantin, aliyekuwa mtu wa filimbi na bendera kwenye reli, alikufa kwa homa, wiki ile askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, na majandarme wa Katanga walipokuwa wakigombania barabara ya kiwanja cha ndege. Chui tuliyemjua alikuwa mmoja, mama Mwape, ambaye kijiji chake na cha Constantin vilichota maji mto mmoja. Mwape alipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayoharamishwa na serikali zote na kunywewa na maaskari wa serikali zote. Alikaa mtaa wa Ruashi, ng'ambo ya vizuizi vya askari. Hakuweza kupita.

Basi tuliuliza mtaa wetu wa Katuba mzima: nani hapa ni Chui? Watu walitujibu kutoka chini ya vitanda. Mmoja alisema yeye ni Mvua. Mwingine alisema ni Panya, na kweli alivyojikunja alifanana. Jirani yangu Casimir, fundi wa viatu, ambaye katika kila arusi alijitapa kwamba yeye ni Chui tangu kwa bibi yake, siku ile alisema bibi yake pengine alikosea. Risasi zikilia hakuna anayekubali kuwa Chui, kwa maana Chui anachimba kaburi, na makaburini hakuna kitanda cha kujificha.

Aliyemzika ni Numbi, katekista wetu, pamoja na wanaume wa kwaya. Numbi alikuwa Muluba wa Kabongo, mtu wa kola nyeupe na Kifaransa kingi, na mambo yetu ya Mbuzi na Chui hayakumhusu. Alisoma sala za wafu kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Bunduki ilipolia karibu aliruka zaburi. Mwishoni akasema marehemu alikuwa mume mpole, mtumishi mnyenyekevu, mkristu asiyechoka. Niliangalia jeneza. Nilifikiri Numbi anazika mtu mwingine.

Kutoka makaburini nilimkuta Chanda, dada mkubwa wa Constantin, amekwisha kukaa kwangu. Alikuwa amemwaga majivu ya jiko na kutandika mkeka.

"Mulamu," aliniambia, maana ndivyo sisi mawifi tunavyoitana, "moto hauwake mupaka Chui anakuja."

"Na tutakula nini?"

"Majirani batatuletea."

Majirani walileta, na Chanda alikula. Alilia vizuri pia, siwezi kumnyima sifa yake. Alikuwa mfiwa wa kweli katika viungo vyote isipokuwa tumbo.

Vita ikatulia, lakini vizuizi vikabaki. Asubuhi moja Chanda akafuta mikono yake akasema: "Mulamu, sikia. Kama mwezi hii inaisha pasipo Chui, tutafunga nyumba. Tutaenda kwetu Luapula, bazee bakumalizie kilio kule."

"Na nyumba itabaki na nani?"

"Nyumba ni ya reli. Bataipatia muntu mwingine."

"Na miye nitarudi namna gani?"

"Kurudia nini? Bwana hayuko."

Hapo nilijua nimesimama wapi. Niliishi Katuba miaka mingi kuliko niliyoishi kijijini. Parokia yangu ilikuwa hapa, kaburi la Constantin lilikuwa hapa, bustani yangu ya mboga za lengalenga ilikuwa hapa. Nikiondoka na mkeka huo wa kilio begani, nitakuwa mgeni wa wazee nisiowajua, nikingoja ruhusa ya kuosha uso. Na Constantin angebaki vilevile katikati ya nyumba, mume mpole, mtumishi mnyenyekevu, amekaa kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

Sasa niseme habari ya mashini.

Kabla ya vita, padri wetu Clément, mzungu mrefu mwenye masikio ambayo jua la Katanga halikuyahurumia, alileta parokiani kisanduku cha kushika sauti, manyetofone. Misioni ilikuwa na mtambo mdogo wa redio kule shule ya wavulana, na kila Jumapili mchana ilisikika mpaka Ruashi. Zamani mapadri walisema ndani yake wao wenyewe. Padri Clément alitukusanya, Numbi, mimi na mama wengine wa kwaya, akasema: "Wazungu wanafunga masanduku yao. Kesho na mimi labda sitakuwapo. Redio ya wakristu wa hapa ifanywe na wakristu wa hapa. Nitawafundisha yote."

Akatufundisha kweli. Mdomo usimeze maikrofoni. Karatasi isilie. Kuku atolewe nje. Lakini kitu kimoja kilimshinda. Kwetu mtu akisema, anayesikiliza lazima aitike, la sivyo ni kama amemtukana. Numbi akihubiri, "Ndugu zangu," mama wote tuliitika, "Eee." "Mungu alimwita Abrahamu." "Eee, alimuita." "Akamwambia ondoka." "Ondoka, baba." Padri alisimamisha mashini, akaomba kimya. Tulijaribu kimya. Numbi akahubiri maneno machache, akaacha, akatutazama kwa hofu.

"Munakasirika na miye?" akauliza.

Padri akaacha kupigana. Alikuwa na mkasi na gundi ya utepe. Alikata kila "eee" na kuunga utepe tena, mpaka mahubiri ya Numbi yakawa na viraka vingi kuliko suruali ya mchoma mkaa. Tukajifunza na sisi kukata na kuunga.

Mashini hiyo ndiyo niliyoifikiri juu ya mkeka. Padri alikuwa na ruhusa ya kupita vizuizi kwa kuwa alipeleka dawa Ruashi. Alipokuja kunipa komunyo, nilimwambia: beba mashini, nenda kwa Mwape, aseme ndani, mutie redioni.

Alifurahi sana. "Mama Albertine, hilo ni wazo jema. Familia nyingi zimetengana. Kitakuwa kipindi cha faraja kwa wafiwa."

"Haiko faraja, Padri. Ni matusi."

Masikio yake yalisogea. "Matusi gani?"

"Ya Constantin. Vile alikuwa."

"Na marehemu anapata faida gani?"

"Marehemu, sijue. Miye nitapata moto."

Nilimweleza yote, na Chanda aliitika kila neno kwa nyuma. Padri alijikuna kidevu. Aliuliza kama wazee wetu wakristu wanafanya hivyo. Nikamwambia wanafanya, ila mapadri wakifika wanaanza kuimba. Akafikiri tena, akasema atakwenda, lakini yasiyofaa yatakatwa.

Alirudi na utepe, na masikio yamekolea wekundu zaidi. Mwape alikuwa amekataa kufungua mdomo mbele ya mgeni mwenye koo kavu.

Kwa kuwa sikuweza kutoka, kazi ya kukata ilifanywa nyumbani kwangu. Padri aliweka mashini juu ya meza ya Constantin. Numbi alikuja na mkasi, amekunja mikono ya shati kama daktari. Chanda alisogeza kiti. Mashini ikazunguka, na sauti ya Mwape ikaingia nyumbani, nzito, na nyuma yake kitu kinachotoa mapovu, bila shaka chungu cha lutuku.

"Constantin. We Mbuzi. Banasema ulikufa. Nani alikuruhusu?"

"Coupez," akasema Numbi. "Maiti haiombe ruhusa."

Padri akakata.

"Uliishi na ndevu ya mbuzi na akili ya mbuzi, na ndevu ndiyo ilikuwa na maana."

"Coupez."

"Ulikuwa unalala ku misa tangu Kyrie, unaamuka juu ya kusema Amina, mupaka bantu banafikiri ni weye unaombea bote."

"Hiyo ni ya kweli," nikasema.

"Coupez," akasema Numbi. "Redio ya Kanisa haiweze kusema bantu banalala ku misa."

Mwape akaendelea. Akamwomba Mtakatifu Petro amwangalie vizuri huyu mtu wa reli anayekuja na kofia yake, amnyang'anye filimbi mlangoni, kwa sababu akipiga hiyo filimbi mbinguni, watakatifu wote watapanda bila mizigo na treni itaondoka kabla ya ufufuko. Padri aligeuka ukutani. Mabega yake yalitikisika.

"Mon père, unacheka?"

"Nakohoa. Kata."

Vipande vya utepe vilijaa sakafuni. Sehemu moja tu Numbi aliipenda tangu mwanzo, ile ya mwisho, ambapo Mwape aliwasalimu Chui wote wanaosikiliza na kuwaagiza waende nyumbani kwa marehemu. "Hii iko muzuri," Numbi akasema. "Ni mambo ya kutembelea wafiwa. Ni katekisimu kabisa." Mimi na Chanda tulitazamana. Tulijua Chui anakwenda nyumbani kwa Mbuzi kufanya nini. Lakini Katuba haikuwa na Chui, tulikuwa tumeuliza kila mlango. Tukanyamaza.

Walipomaliza, Padri alisikilizisha kilichobaki. Mwape alisema: "Constantin... mbuzi... Petro... Amina," kisha zile salamu.

Chanda akatikisa kichwa. "Apana. Huyu ni muntu anapaliwa na mufupa ya samaki. Na hii, kilio haitaisha."

"Ni hii ao hakuna," akasema Numbi. "Ku nafasi yake, kuko mahubiri yangu juu ya uvumilivu. Nimetayarisha."

Nilimtazama Numbi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda sauti yake kama watu wengine wanavyopenda nyama, na Jumapili baada ya Jumapili alijua, kwa maana watu hawana aibu, kwamba aliposema "Ndugu zangu" redio za Katuba ziligeuzwa kwenye rumba.

"Ndugu Numbi," nikamwambia, "mahubiri ya uvumilivu, nani ataisikiliza?"

"Bakristu."

"Bakristu beko na rumba."

Numbi aliufungua mkasi na kuufunga.

"Ukitia Mwape nyuma yako, na ukitangaza mwanzo kwamba anakuja, muntu hataweza kufunga redio. Ataogopa kumukosa. Atakusikiliza mupaka mwisho."

Numbi aliweka mkasi mezani. "Mwape nzima?"

"Nzima. Kama haiko nzima, batajua, na kesho batarudia rumba."

"Na miye, naweza kusema kwa urefu gani?"

"Vile unataka."

Padri Clément alifumba macho. Nadhani alimtolea Mungu jambo hilo. Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota utepe sakafuni.

Tuliunga mpaka jioni ilipokaribia. Kipande kimoja kilibandikwa nyuma mbele, na hapo Mwape alisema kwa lugha isiyo ya mtu yeyote. Tulikiacha, gundi ilikuwa kidogo. Palikuwa pia na mahali ambapo Mwape alinyamaza na mapovu peke yake yalisikika. Padri alitaka kupaondoa, akasema kimya redioni ni kosa, watu watafikiri mtambo umekufa. Nilitia mkono wangu juu ya utepe. Aliangalia mkono, akapaacha.

Jumapili mchana uwanja wangu ulijaa. Casimir fundi wa viatu alileta redio yake, akaiweka dirishani mwangu kwa heshima nyingi, naye alikaa mbali kidogo karibu na kuku. Kwenye bar ya kona walifungulia ya kwao mpaka mwisho. Numbi akatangaza kwamba baada ya neno fupi, mama Mwape wa Ruashi, Chui, atasema juu ya Constantin, Mbuzi.

Neno fupi lilianza na Adamu.

Watu walivumilia, na siwezi kusema mahubiri hayakufaa, maana yalikuwa juu ya jambo hilo hilo. Alipofika kwenye gharika mtu mmoja aliuliza kama safina ilikuwa na mlango wa kutokea. Kwa Yobu, watoto walilala. Kwenye bar walipiga meza, lakini hawakufunga. Numbi aliyekuwa amesimama kwenye uzio wangu, akijisikiliza, alikuwa na uso wa mtu aliyefika Yerusalemu.

Halafu ikaja sauti ya Mwape na mapovu yake.

Sitaandika yote, mengine si ya kuandikwa na mtu anayepokea komunyo. Watu walicheka juu ya ndevu. Walicheka juu ya Amina. Penye kile kipande cha nyuma mbele mama wazee walifikiri ni Kilatini, wakajipiga msalaba. Kisha Mwape akasema:

"Muliniibia nyama. Ndiyo, bantu ba Katuba, ni ninyi naambia. Huyu Mbuzi, nilimulisha na macho tangu tuko batoto, nasema siku moja nitamukula. Leo munamutia mu udongo, munamufunika, hamuniite. Nani anazika nyama ya mwenziwe? Constantin, weye mwenyewe ulifanya haraka kwa kuniepuka. Ulikuwa unaogopa muke wako, unaogopa imbwa ya padri, unaogopa hata treni, ndiyo maana walikupatia bendera usimame mbali. Na kila Pasaka unakuja kwangu, unasema, Mwape, lutuku ni zambi, tia kidogo. Sasa Pasaka itakuja. Nitatukana nani?"

Hapo palikuwa na kimya. Redio ilitoa mapovu. Uwanjani hakuna aliyeitika, na kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Nilitazama mikono yangu.

"Bon," Mwape akasema, "sipende kulia, inaharibu pombe. Albertine, mama, toka ku mukeka, unachosha mukeka. Na ninyi Chui, muko wapi? Najua muko kule Katuba. Munajificha kama kuku. Muende sasa hivi kwa huyu Mbuzi. Muchukue yangu, na muchukue yenu. Musiache hata mwiko."

Mtambo ukapiga wimbo wa Bikira. Na katikati ya wimbo, Casimir akasimama akiwa na kuku wangu kwapani.

"Casimir," nikasema, "si bibi yako alikosea?"

"Alikosea, mama. Kisha akakumbuka."

Nikasikia mlango wa bar. Wakaja. Siku ya kuchimba kaburi Katuba haikuwa na Chui hata mmoja. Siku ya kubeba walijaza njia. Yule aliyesema ni Mvua alikuja. Yule Panya alikuja na mkokoteni. Walikuja watu ambao sikuwahi kuwaona, wakipiga kelele za Chui, wakisukumana mlangoni mwangu kama siku ya kugawiwa chumvi. Walibeba sufuria, viti, mwiko, sanamu ya Yosefu wakairudisha, blanketi ya Chanda wakiwa bado hawajamwomba Chanda aondoke juu yake. Chanda aliburutwa mpaka uzioni, anawalaani vizuri sana, na katika uso wake niliona furaha niliyokuwa sijaiona tangu afike.

Nao walitukana. Mfanyakazi mmoja wa reli, ameshika kiti changu kichwani, alisimulia siku Constantin alipopiga filimbi kwa majivuno, treni ikaondoka, naye akabaki chini na bendera yake akiipungia kama mchumba. Mwingine alieleza jinsi alivyokuwa akiimba besi bila kujua neno hata moja, anasema "mbu, mbu" kwa sauti ya kishujaa. Nilijilazimisha kucheka, maana ni desturi. Halafu niliona ile treni inakwenda na Constantin anabaki, nikacheka bila kulazimishwa, nikashika ukuta, nikacheka mpaka machozi yale niliyokuwa sijayatoa kwenye sala za Numbi yakatoka yote.

Wakati huo ndipo gari ya Padri ilipofika. Siku zile ukiona watu wanatoka nyumba ya mjane na viti vichwani, ulifikiri jambo moja tu. Numbi naye alikuwa akikimbia huku na huku. "Pillage," alilia. "Mon père, banapora. Niite bajandarme?"

"Usiite mtu," nikasema.

"Lakini wanachukua kila kitu," akasema Padri.

"Ndiyo, Padri. Beko wengi, si ndiyo?"

Mzee mmoja wa Chui alimzunguka Padri kama anayenunua ng'ombe. "Huyu ni ukoo gani?"

"Hana," akasema Casimir. "Lakini anakula kwa Mbuzi."

"Basi ni Mbuzi," mzee akasema, na akamvua kofia. Padri aliinama kidogo ili ichukulike vizuri, kwa maana alikuwa mrefu.

Numbi akarudi nyuma. "Miye ni wa Kabongo. Miye sina mambo na—"

"Ulizika Mbuzi?" mzee akamwuliza.

"Nilimuzika, mais—"

Akapoteza kola, na kiatu kimoja. Cha pili alikishika kwa mikono miwili, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wa Katuba kumsikia akisema kitu kifupi.

Walipomaliza kubeba, nyumba yangu ilikuwa tupu kama siku tulipopewa funguo. Mama mmoja mzee, Chui, jina lake sikulijua wala hakuniambia, alikuja na kaa la moto juu ya kigae. Alilitoa kwake. Alipita katikati ya watu akiwafokea wampishe. Akaliweka jikoni, akaniita.

"Pulizia," akasema. "Na usipulizie kama muntu wa misa. Pulizia."

Nilipiga magoti, nikapuliza. Majani yakashika, kisha kuni. Chanda alisimama nyuma yangu, akafungua kitambaa cha kilio kichwani mwangu, akanawisha uso wangu kwa mkono wake mwenyewe, na hakusema tena habari ya Luapula.

"Kilio kimeisha," akasema yule mama mzee. Watu wakaitika.

Padri Clément, kichwa wazi, masikio nje, aliniuliza polepole kama vitu vyangu vitarudi. Nikamwambia vinarudi, ila kila kimoja lazima ukikomboe kwa Chui aliyekibeba.

"Kwa kumlipa nini?"

"Kwa kumutukana, Padri. Mupaka acheke."

"Na wewe unaweza?"

Hilo ndilo nililokuwa sijalifikiri. Tangu ubatizo sikuwa nimemtukana mtu, isipokuwa Constantin, na huyo alikuwa wangu. Lakini moto ulikuwa unawaka bure na sufuria ilikuwa kwa Casimir. Nikajifunga kitenge vizuri, nikavuka njia. Alikuwa amekaa mlangoni pake, sufuria yangu magotini, ananingoja, na majirani wote walikuwa wametoka kusikiliza.

Nilianza na bibi yake.